Taa kali haikipi kipimo macho

Swali limerudi tena: kwenye mashine inayosoma ukanda wa kupima kichocho kwa mkojo, kwa nini msitie LED (taa ndogo) yenye nguvu zaidi, ili kipimo kimuone hata mwenye kichocho kidogo? Siyo, jamani.

Ukanda wa floresensi, yaani ambao mstari wake hung'aa kwa rangi nyengine ukimulikwa, haushindwi kwa giza. Unashindwa kwa mwanga usiotakiwa. Zidisha taa mara mbili: mstari utang'aa mara mbili, na mkojo, plastiki na nitroselulosi (karatasi ya ukanda) navyo vitang'aa mara mbili. Hujapata kitu. Tena fluoresini, rangi inayong'aa kwenye mstari, huchujuka kwa mwanga mkali, na ukanda uleule ukisomwa mara ya pili hutoa namba ya chini.

Tatizo liko kwenye vichujio, vioo vinavyopitisha rangi moja na kuzuia nyengine. LED ya buluu ya nanomita 470 (namba hizi hutaja rangi ya mwanga) haitoi 470 peke yake. Mkia wake unafika kwenye kijani, palepale fluoresini inapotoa mwanga wake, karibu na 520. Watu huweka kichujio mbele ya kihisi kinachopokea mwanga wakaona wamemaliza. Mkia ule unapita, maana ni kijani kweli! Weka kichujio cha pili mbele ya LED, kikate kilichozidi 490. Kisha soma taa ikiwa imezimwa, usome tena ikiwa imewashwa bila ukanda. Tofauti ya namba hizo ndiyo uvujaji wako.

Mimi nachagua yuropiamu, metali inayong'aa, badala ya fluoresini. Huipiga kwa mwanga wa 365, ikatoa wekundu wa 615, na huendelea kung'aa kwa mamia ya mikrosekunde baada ya taa kuzimwa, wakati plastiki na mkojo hunyamaza ndani ya nanosekunde. Basi washa, zima, ngoja mikrosekunde 100, ndiyo usome. Angalia kihisi kisizidiwe na mwako wa kwanza. Kikizidiwa huchelewa kurudi, na ucheleweshaji huo utausoma kama ugonjwa. Njia nyengine ni chembe zinazopokea miale ya 980 isiyoonekana zikatoa kijani. Kipimo cha CAA, kitu kinachotolewa na minyoo ya kichocho, kimejengwa hivyo, na kimeshatumika kwa mikojo ya Unguja na Pemba.

Kanuni ya vitabuni ya kuweka mpaka wa ndiyo na siyo, wastani wa sampuli tupu (zisizo na kichocho) na mikengeuko sanifu 3 juu yake (kadiri namba zinavyotawanyika), siiamini sana kwenye kanda. Namba za sampuli tupu hulalia upande mmoja, na ukanda uliokaa wazi siku za masika hung'aa ovyo. Natumia tupu 20 kutoka pakiti tofauti, nikaangalia zile za juu kabisa.

Na ukanda ukisema ndiyo, na mililita 10 za mkojo zikitazamwa kwa hadubini zisitoe yai la kichocho hata moja, ombeni mkojo wa siku nyengine, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Mayai hayatoki sawasawa kila siku.