Kabla ya jina la rangi, mtoto achanganye

Ingia katika darasa la watoto wa miaka 3 hadi 5 hapa Lubumbashi, mara nyingi utasikia kitu kilekile: mwalimu ananyosha fimbo ubaoni, watoto wanaitikia "nyekundu! buluu! manjano!" Wanaitikia vizuri sana. Toka nao nje uwaulize barabara ina rangi gani, wanakutazama tu, na vumbi jekundu limewajaa miguuni.

Kiswahili chenyewe kina somo hapa. Rangi tatu tu ndizo zenye maneno yake halisi: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine nyingi tumezitaja kwa vitu. Kijani ni jani, kijivu ni majivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, manjano ni kile kiungo cha jikoni. Waliotupa maneno haya walikuwa na kitu mbele ya macho. Mtoto naye apewe kitu. Weka mezani jani la sombe (muhogo), la lengalenga (mchicha) na la mwembe, kisha uliza: yote ni kijani, je, yanafanana? Watabishana mpaka kengele ilie.

Ndipo mlete rangi za maji. Siku ya kwanza mbili tu zinatosha: manjano na buluu. Anza na manjano nyingi, dondoshea buluu kidogo, maana rangi iliyokolea huimeza ile hafifu. Ukianza na buluu utamaliza chupa nzima ya manjano kabla kijani hakijatokea. Usiwaambie kitakachotokea. Siku nyingine leta nyekundu na manjano, itoke rangi ya chungwa. Nyekundu na buluu ndizo husumbua walimu. Vitabu vinasema zambarau, lakini sahanini mara nyingi inatoka kahawia, na mtoto anaambiwa amekosea. Hajakosea. Nyekundu nyingi za bei nafuu zina umanjano ndani yake, na manjano, nyekundu na buluu zikikutana pamoja huzaa kahawia. Jaribu nyekundu inayoelekea waridi, kisha tia nyeupe kidogo.

Ukosefu wa pesa si sababu ya kuacha somo hili. Pika uji wa unga wa muhogo, kikombe 1 cha unga kwa vikombe 3 vya maji, uache upoe. Ugawe kwenye vikopo. Kimoja tia manjano ya jikoni, kingine makala (makaa) safi yaliyotwangwa na mtu mzima yakiwa yameloweshwa ili vumbi lisiruke, kingine kibaki cheupe. Buluu haipatikani jikoni, hiyo nunua. Uji huu huchacha baada ya siku mbili tatu, kwa hiyo pika kidogo. Brashi? Kijiti kilichopondwa ncha, unyoya wa kuku, au vidole.

Na vidole visidharauliwe. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji katika mji huu, ulipokuwa ukiitwa bado Élisabethville. Hakuwapa wanafunzi wake picha za Ulaya za kuiga. Bela akaweka brashi chini akachora kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga akajaza picha zake kwa mistari mifupi mifupi. Pilipili Mulongoy akachora ndege na samaki kwa subira ya mfumaji. Chumba kimoja, mikono mitatu tofauti kabisa. Ninapoona watoto thelathini wamepewa nyumba ileile iliyochapwa, paa lipakwe jekundu na jua la manjano, huwa nawaza Bela angeifanya nini karatasi ile.

Sasa jambo ambalo silifanyii mzaha. Mji wetu ni wa madini. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wa Katanga: wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini, pamoja na metali nyingine kama risasi. Mtoto mdogo hupeleka mkono mdomoni muda wote. Kwa hiyo udongo wa kuchorea usichotwe karibu na kiwanda, mgodi au lundo la taka zake, hata ukiwa mwekundu wa kupendeza. Malakiti pia, lile jiwe la kijani linalochongwa kuwa vikuku na wanyama, halisagwi kuwa rangi ya watoto. Unga wake una shaba na ni sumu. Rangi ya mafuta ya kupakia milango inaweza kuwa na risasi. Na ule unga mweusi wa betri kuukuu, ambao wengi tunaujua tangu enzi za kupaka ubao, ubaki mbali na darasa.

Kuhusu umbo nitasema machache. Karibu na miaka 3 mtoto hufunga duara. Baadaye kidogo duara hilo linaota miguu na kuwa mtu asiye na tumbo. Usimwongezee tumbo. Litakuja. Na akiwepo mtoto, hasa wa kiume, anayechanganya nyekundu na kijani kila mara wakati wenzake wameshazoea, usimcheke wala kumwita mvivu: wapo wanaozaliwa na macho yasiyotenganisha rangi hizo, na hali hiyo hurithiwa. Mwambie mzazi ampeleke kwa daktari wa macho.

Picha ikikauka, swali "hii ni nini?" humfanya mtoto ahisi kwamba amefeli. Sema tu, "Nieleze." Atakuambia, "Njo baba," yaani ndiye baba, kisha hadithi ndefu ya baba na baiskeli ambayo wewe huioni popote. Iandike nyuma ya karatasi kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na tarehe, umpe aende nayo nyumbani.