Umepungua, ngozi imebaki

Mama mmoja anayeuza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, alikuja kliniki siku ya wagonjwa wa sukari. Ana miaka 52. Siku ya kwanza kumpima alikuwa na kilo 104. Safari hii mizani ilisoma 73. Mwaka mmoja na nusu wa kupunguza ugali, kuacha soda na kupanda mlima kwa miguu hadi nyumbani. Sukari imetulia, vidonge vya presha vimepunguzwa. Nilitegemea vigelegele. Yeye akasukuma mlango ukafunga, akapandisha blauzi, akalishika tumbo kwa mikono miwili kama mtu aliyetoa kanga kwenye beseni, akalinyanyua.

"Na hii nayo inatibika?"

Chini ya mkunjo ngozi ilikuwa imeiva, nyeusi kuliko sehemu nyingine, ina unyevu na harufu kidogo. Hilo lilikuwa na dawa yake. Lililomleta hasa alilisema akiwa tayari amekamata kitasa cha mlango: kila asubuhi sokoni kuna mtu anamwamkia "Mwangaluka mayu", halafu anamkagua kutoka juu hadi chini na kumuuliza, mbona umekwisha hivyo?

Nianze na ngozi. Tabaka lake la katikati lina nyuzi za aina mbili zinazotuhusu hapa: kolajeni, inayoipa uimara, na elastini, inayoifanya ivutike na kurudi. Elastini tunaitengeneza zaidi tukiwa wadogo. Ukubwani mwili huongeza kidogo mno. Kolajeni nayo hupungua taratibu kadiri umri unavyosogea, na hedhi ikikoma mwanamke anaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi ndani ya miaka 5 ya mwanzo. Jua la miaka mingi na sigara huongeza uharibifu. Sasa fikiria sketi ya lastiki uliyoivaa miaka 20 ukiwa mnene. Ukipungua, lastiki hairudi ilivyokuwa siku ya dukani, wala huilaumu. Ndiyo maana binti wa miaka 25 anaweza kupungua kilo 15 na tumbo likabana, huku mama yake akipungua hizo hizo na mikono ikabaki na "mabawa".

Kuna ngozi, na kuna mafuta yaliyobaki chini yake. Bana mkunjo kwa vidole viwili. Ukiwa mwepesi kama kitambaa, hiyo ni ngozi. Ukijaa vidoleni kama donge la chapati, bado kuna mafuta, na hayo yanaweza kuendelea kupungua. Ngozi yenyewe hujivuta kidogo kidogo kwa mwaka mmoja hadi miwili baada ya uzito kutulia, kwa hiyo aliyemaliza kupungua mwezi jana asijihukumu leo.

Krimu? Hakuna ya kupaka inayorudisha ngozi iliyoning'inia. Mafuta ya nazi na alovera hulainisha, basi. Kolajeni ya kwenye kopo ni chembe kubwa mno kupenya hadi tabaka linalohusika. Mkanda wa tumbo hushikilia nguo ikae vizuri, nao unasaidia mtu anayetembea sana asichubuke, lakini ukiuvaa mchana kutwa kwenye joto la Mwanza unafuga jasho, na ukibana sana unaleta kiungulia. Ninachokiogopa zaidi ni mkorogo. Wapo wanaopaka krimu za kuchubua kwenye michirizi na mikunjo ili "ing'ae". Nyingi zina steroidi kali, na steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba zaidi na kuongeza michirizi ile ile unayoikimbia.

Mkunjo wenyewe ndio kazi ya kila siku. Ngozi ikilalia ngozi, na jasho la daladala likikaa katikati, fangasi wanapata makazi. Kwa mwenye sukari wanastawi zaidi. Vitabu vingi husema tafuta wekundu, lakini kwetu wenye ngozi nyeusi mara nyingi utaona weusi uliozidi au rangi ya zambarau, pamoja na muwasho na ngozi inayotoka kama utando mweupe uliolowa. Oga kwa sabuni isiyo kali. Nyanyua mkunjo, kausha kwa kugusagusa na taulo, usisugue, kisha usiushushe mara moja. Kaa dakika chache mbele ya feni au dirisha. Chana kanga kuukuu ya pamba, iwe vipande vya upana wa kiganja, laza kimoja katikati ya mkunjo na ubadilishe kikilowa. Yule mama hubeba vinne kwenye mkoba wa sokoni. Kama fangasi wameshaingia, krimu ya clotrimazole mara mbili kwa siku, wiki mbili hadi nne, na usiache siku muwasho unapokwisha. Limao, chumvi na spiriti viache jikoni na kabatini. Ukiona usaha, kidonda, homa, au hali haibadiliki baada ya wiki mbili, njoo kituoni, na mwenye sukari asisubiri hata hizo wiki mbili.

Sasa maneno ya watu. Sisi wa ukanda huu tuna sababu ya kuogopa wembamba, na nadhani si haki kuwacheka wanaouliza. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kabla jina hilo halijazoeleka watu waliuita Juliana. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, waliuita "slim", yaani mwembamba. Walioyashuhudia hayo wakiwa vijana leo ndio wana miaka hamsini na sitini, na ndio hao hao tunaowaambia kliniki wapunguze uzito. Jicho lililofundishwa na misiba halisahau upesi. Ongeza na desturi yetu ya kuusoma mwili kama cheti cha ndoa: mke akinenepa, "ndoa imemkubali", akipungua, bwana anaulizwa anamlisha nini.

Ila jicho hilo limepitwa na wakati. Anayeishi na VVU na kumeza dawa zake vizuri leo ananawiri, wengine hata wanaongezeka uzito kupita tunavyotaka. Umbo halimpimi mtu damu. Wagonjwa wangu huwa nawaambia kwamba huna deni la kumweleza kila mtu. Jibu moja fupi linatosha, "Nimepunguza mwenyewe, sukari ilinisumbua," kisha rudi kwenye biashara. Ukijieleza kwa dakika kumi, muulizaji ataondoka na mashaka yake yale yale.

Hata hivyo kuna kupungua kunakostahili wasiwasi. Kama hukubadili chakula wala mazoezi na umepoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 hadi 12, tuseme kilo 4 kwa aliyekuwa na 80, nenda ukapimwe. Sukari, kifua kikuu, VVU, tezi ya shingo, saratani, hata sonona: vyote vinaweza kuanza hivyo. Kikohozi cha wiki mbili usikipeleke duka la dawa.

Wanaume hawasemi. Mmoja, dereva mstaafu, alikuwa amekaa karibu mwaka hajavua shati mbele ya mkewe kwa sababu ya kifua kilicholegea, na mkewe alidhani ana mwanamke mwingine. Tulipowaweka pamoja mkewe alicheka, kisha akalia. Ikiwa aibu ya mwili inakuzuia kwenda msibani, kanisani, msikitini au kitandani kwa wiki kadhaa, usingizi umekata na chakula hakina ladha, hilo nalo ni la kutibiwa. Hospitali zetu za rufaa zina maafisa ustawi wa jamii na huduma za afya ya akili. Omba uonane nao.

Msuli unaweza kujaza sehemu ya nafasi iliyoachwa na mafuta, hasa mikononi na mapajani. Ukipungua bila kuutumia, unaupoteza pia. Mara mbili au tatu kwa wiki inuka na kukaa kwenye kiti bila kushika, sukuma ukuta, nyanyua vidumu vya maji ukianza na lita 3, siyo ndoo ya 20. Anayeishi Isamilo au Mabatini juu kwenye mawe ana gimu ya bure mlangoni. Kuogelea ziwani sikushauri, kichocho kipo. Kwa chakula, protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku zinawatosha wengi wa umri huu, isipokuwa wenye matatizo ya figo, hao waulize kwanza. Na hapa tumebarikiwa: sato, sangara, na dagaa mkavu ambaye zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini.

Upasuaji wa kuondoa ngozi upo, nao ni upasuaji mkubwa. Kovu la tumbo hutoka nyonga hadi nyonga, na ngozi nyeusi ina hatari kubwa zaidi ya kufanya keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua. Damu inaweza kuganda miguuni, kidonda kinaweza kuchelewa kufunga. Daktari bingwa wa upasuaji rekebishi atataka uzito uwe umetulia angalau miezi 6, sukari iwe sawa, sigara imeachwa. Mwenye fangasi wasiokwisha au mkunjo unaozuia kutembea ana hoja nzito. Anza na daktari wako akuandikie rufaa.

Yule mama hakutaka kisu. Fangasi walipokwisha alikusanya madera saba akampelekea fundi ayapunguze. Fundi alitaka kuacha kitambaa kingi ndani ya mshono, eti mama usije ukanenepa tena. Wakabishana wee, mwisho akamruhusu aache sentimita mbili.