Si Mngempiga MRI Tangu Mwanzo?

Swali hili naulizwa mara kwa mara, ila Jumanne lilinijia kwa sura nyingine: aliyeuliza alikuwa ameshika MRI yenyewe, picha inayopigwa kwa sumaku, mkononi. Bahasha kubwa ya kahawia, sidi ndani yake, na ripoti ya ukurasa mmoja inayosema ubongo wa dadake hauna tatizo. Familia ilikuwa imechanga kwenye kundi la WhatsApp mpaka hela zikatimia. Sasa mimi nataka mgonjwa aingie kwenye CT, mashine inayopiga picha kwa miale.

"Daktari, tumetoka kwenye kipimo kikubwa, mwaturudisha kwenye kidogo?"

Nilimjibu kwa maneno machache pale mlangoni, maana dadake alikuwa anatapika na muda haukuwepo. Hapa nitajibu kwa urefu. Imani hii hapa Mombasa naisikia Kisauni, naisikia Changamwe, na linaloniuma zaidi, naisikia kwa madaktari wenzangu: kwamba vipimo vya picha ni ngazi, eksirei chini, altrasaundi juu yake, kisha CT, na MRI kileleni, na aliyefika kileleni ameshaona kila kitu. Ngazi hiyo haipo. Eksirei na CT hupima jinsi mwili unavyozuia miale. Altrasaundi hupima mwangwi wa sauti. MRI hupima jinsi hidrojeni ya mwilini, ambayo nyingi imo ndani ya maji na mafuta, inavyoitikia sumaku na mawimbi ya redio. Kinachoonekana wazi kwa kimoja chaweza kutoweka kabisa kwa kingine, na bei haiingii hapo.

Mgonjwa huyu nimembadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike. Ugonjwa niliouhofia ni donge la damu ndani ya vena kubwa za kichwani, mishipa inayotoa damu kichwani. Sisi twaziita sinasi, na hazihusiani hata kidogo na sinasi za pua. Ni ugonjwa nadra, huwapata zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa, na mara nyingi huanza kwa kichwa kuuma tu. Damu inaingia kichwani vizuri lakini njia ya kutokea imezibwa. Presha ya ndani ya fuvu inapanda, kisha kunakuja kutapika, macho kuona ukungu, kifafa, na kwa wengine damu inavujia ndani ya ubongo. Tukiupata mapema twampa mgonjwa dawa ya kuzuia damu kuganda, na twampa hata kama damu imeshavuja, jambo linalowashtua wanafunzi kila mara nikilisema.

Sasa, kwa nini MRI iliukosa? Damu inayokimbia ndani ya vena huwa nyeusi kwenye T2, mojawapo ya aina za picha ambazo MRI hupiga, kwa sababu inakuwa imeshapita kabla mashine haijasoma ishara yake. Weusi huo ndio tunaoutafuta. Ukiuona, unaandika kwamba vena iko wazi. Lakini donge changa, la siku tano za kwanza hivi, limejaa himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, iliyopoteza oksijeni yake, na himoglobini hiyo nayo ni nyeusi kwenye T2. Mfereji unaopitisha maji na mfereji uliozibwa vikafanana. T1, aina nyingine ya picha, hutoa dokezo, maana pale ulipotarajia weusi utakuta rangi inayokaribiana na ya ubongo wenyewe, lakini dokezo hilo ni hafifu na jicho lililochoka hulipita. Ngoja wiki ya pili, himoglobini ikishabadilika, donge litang'aa kwenye T1 na T2 hata mwanafunzi wa mwaka wa tatu ataliona. Dada huyu alipigwa MRI siku ya tatu.

Zipo sikwensi, yaani namna za kupiga picha ndani ya MRI, zinazolinasa donge hata likiwa changa, zile zinazohisi chuma kilichomo kwenye damu, na ipo picha maalumu ya vena. Ila MRI si picha moja. Ni mkusanyiko wa sikwensi, kila moja huchukua dakika zake, na mtu wa mashine hufanya zile zinazojibu swali lililoandikwa kwenye fomu. Fomu yake ilikuwa na maneno matatu: "Maumivu ya kichwa." Aliyesoma picha zile simlaumu. Kama ningeletewa mimi na fomu ile ile, nadhani nisingeiona.

Tuje kwenye CT wanayoidharau. Tangu mgonjwa wa kwanza alipoingizwa ndani yake London mwaka 1971, CT inafanya kazi ile ile ya kupima uzito wa tishu kwa kipimo cha Hounsfield: maji ni 0, hewa ni −1000. Damu ikiganda hujibana na kukamua maji yake, seli nyekundu zikasongamana, donge likawa jeupe kuliko damu inayotiririka. Basi siku zile zile ambazo T2 inadanganyika, CT ya kawaida isiyo na kontrasti, dawa inayodungwa mshipani ili damu ing'ae kwenye picha, huweza kuonyesha kamba nyeupe nyuma ya kichwa.

Nasema huweza. CT ya kawaida mara nyingi haionyeshi chochote katika ugonjwa huu, na weupe wenyewe hauaminiki. Mtu aliyeharisha siku mbili katika joto letu la Machi ana damu nzito, na vena zake zote zitakuwa nyeupe bila donge lolote. Aliyepungukiwa damu ana vena zilizofifia, kwa hiyo weupe wa kawaida kwake ni wa kutilia shaka. Ndiyo maana naomba kiwango cha himoglobini kabla sijasoma picha, na ndiyo maana nahitaji kontrasti: damu inayopita inang'aa, donge linabaki kama pembetatu tupu katikati ya mng'ao.

Hata hapo kuna sinasi ya pembeni ya kushoto. Kwa watu wengi ni nyembamba kuliko ya kulia, wengine wamezaliwa karibu hawana, na kwenye picha za vena za MRI zisizo na kontrasti inaweza kupotea yote. Ni maumbile, au ni donge? Kuna ripoti niliyoiandika nikasema maumbile, na picha ya siku chache baadaye ikanisuta. Ipo nyingine niliyosema donge, na hadi leo sina uhakika. Vitabu huweka picha ya mgonjwa ambaye jibu lake linajulikana. Mimi hukaa mbele ya skrini saa nne za usiku na mtu ambaye nikisema ndiyo ataanza dawa zinazoweza kumvujisha damu, na nikisema sio anaweza asiamke.

Mengine nayataja haraka. Damu iliyovuja kuzunguka ubongo, katika saa za mwanzo, kipimo cha kwanza ni CT. Aota, mshipa mkuu utokao moyoni, iliyochanika: CT yenye kontrasti, sekunde chache, kwa sababu mgonjwa huyo hawezi kulazwa nusu saa ndani ya sumaku huku presha yake ikiyumba. Mabaki ya minyoo ya tegu yaliyogeuka chokaa ubongoni: CT huyaona, MRI ya kawaida huweza kuyapita. Uvimbe wa maji wa ini unaotokana na mnyoo wa mbwa, ugonjwa ambao wenzetu wa Turkana wameujua kwa miaka mingi: madaraja yake ya Shirika la Afya Duniani yamejengwa juu ya altrasaundi, kile kipimo cha "wajawazito".

Na MRI? Naiheshimu. Ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, unaoharibu ubongo haraka na unaompata mtu mmoja au wawili katika kila milioni moja kwa mwaka, CT yake huwa safi wakati MRI inaonyesha utepe mweupe umefuata mikunjo ya ubongo. Uti wa mgongo pia, siwezi kufanya kazi bila MRI. Lakini lazima niambiwe ninatafuta nini.

Kwa hiyo Jumanne, kabla ya CT, niliomba kaka mtu na mama mkwe wasubiri nje. Mama hakupenda. Nikamwamkia, nikamwambia ni utaratibu wa mionzi, na kweli lilikuwepo swali la mimba la kuuliza kwanza. Mlango ulipofungwa nikamuuliza mgonjwa anatumia dawa gani. Akatazama mlango.

"Dadangu, mama asijue. Natumia vidonge vya kupanga uzazi. Miezi minne sasa."

Nilimwambia hatajua kutoka kwangu. Hakuna aliyemuuliza hapo kabla, si kwenye zahanati wala kwenye MRI, na kwenye orodha yangu ya visababishi vya donge hili vidonge viko juu. Sidi ile ingejieleza vingine kabisa kama maneno hayo yangekuwa kwenye fomu. Nikachukua kalamu nikayaandika, nikampa mtu wa mashine, naye akaanza kutayarisha kontrasti ya vena.

Pembetatu ilikuwa tupu. Sinasi ya kulia, haina ubishi.