Ombi la kuiamsha diski linapokwama nyuma ya foleni

Kompyuta iliyokuwa imelazwa imeamka, skrini imewaka, mshale wa kipanya unatembea. Unaandika `ls`, amri ya kuorodhesha faili: kimya. Baada ya sekunde 120 kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, inaanza kuripoti mchakato uliozuiwa, kisha mwingine, yote ikiwa katika hali ya D, ya kungoja kifaa, ile isiyosikia hata `kill -9`, amri ya kuua mchakato kwa nguvu. Nilihangaika na mkwamo huu siku nyingi kwenye mashine yenye diski mbili za RAID, zinazotumika pamoja kama moja. Kumbe ombi la kuiamsha diski lilikuwa limekwama nyuma ya maombi yanayosubiri diski hiyo hiyo iamke.

Kila ombi la kusoma au kuandika diski hupita kwenye foleni na kushika nafasi humo, na nafasi hizo zina kikomo. Diski ya SATA yenye NCQ, uwezo wa kupanga amri nyingi yenyewe, hushika amri 32 kwa pamoja, na hata maombi yaliyo kwa kipangaji, sehemu ya kerneli inayoyapanga kabla hayajafika kwenye diski, yana idadi yake. Mfumo unapolazwa, diski hutulizwa: maombi ya kawaida huzuiwa, yale ya usimamizi wa umeme huruhusiwa. Kosa lilikuwa mahali pa kuzuia. Zamani tabaka la SCSI, sehemu ya kerneli inayozungumza na diski, liliyazuia maombi ya kawaida wakati wa kutumwa, yakiwa yameshachukua nafasi. Yakija mengi, nafasi zinakwisha. Halafu inakuja amri ya kuwasha mota ya diski, inaomba nafasi, inakosa, inangoja. Waliozishika nafasi nao wanaingoja amri hiyo.

Lakini nani anatuma maombi wakati programu zote zimegandishwa? Hapo ndipo nilipochelewa. Programu za mtumiaji hugandishwa kweli, ila thredi za kerneli, yaani kazi zake za ndani, hazigandishwi mpaka zijiandikishe zenyewe. Thredi ya md, sehemu ya kerneli inayoendesha RAID, inaweza kuwa katikati ya kusawazisha diski, na haina habari kwamba mashine inalala.

Dawa iliingia katika Linux 4.15, Januari 2018: ombi la kawaida lizuiwe mlangoni, kabla halijapewa nafasi. Kwanza foleni inawekewa alama, kisha inagandishwa mpaka maombi yaliyokuwa ndani yaishe, inangojwa RCU, utaratibu wa kerneli wa kusubiri prosesa zote, ili kila prosesa iione alama, ndipo inafunguliwa tena. Kuanzia hapo hupita ombi lenye bendera ya umeme tu. Nawasihi wanaoandika draiva, programu za kuendesha vifaa, wasivuruge mpangilio huu. Ukiifungua foleni kwanza na kuweka alama baadaye, unaacha upenyo mdogo ambamo maombi ya kawaida yanaingia na kuzijaza nafasi upya, na utakuwa umerudi ulikotoka.

Ndiyo sababu pia sikubaliani na ushauri wa kuongeza `nr_requests`, kikomo cha maombi katika foleni. Mkwamo utatokea mara chache zaidi, na hivyo utakuwa mgumu zaidi kuunasa.

Kuunasa, andika `devices` ndani ya `/sys/power/pm_test`, kisha ilaze mashine: vifaa vitalala, kerneli itasubiri sekunde 5 na kuviamsha, bila mashine kuzimika. Mapema kabisa fungua dirisha la amri ukiwa root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, na upeleke ujumbe wa kerneli kwenye kompyuta nyingine kwa waya, kwa sababu diski ikikwama hutaweza kusoma programu mpya. `echo` imo ndani ya dirisha lenyewe, kwa hiyo `echo w > /proc/sysrq-trigger` bado itafanya kazi na kukuonyesha kila mchakato umekwamia wapi.

Mtafute yule anayeiamsha diski. Akiwa ndani ya `blk_mq_get_tag`, sehemu ya kerneli inayogawa nafasi, amekosa nafasi, na ugonjwa ni huu nilioueleza. Akiwa ndani ya `blk_mq_freeze_queue_wait`, inayosubiri foleni iliyogandishwa iishe, ugonjwa ni mwingine: draiva imeshika kufuli, kinachoruhusu mmoja tu kugusa kitu kwa wakati mmoja, kisha ikagandisha foleni, na ndani ya foleni kuna ombi linalohitaji kufuli hilo ili limalizike. Chagua mpangilio mmoja kati ya kugandisha na kufunga kufuli, uufuate kila mahali. Tangu toleo la 6.13, lockdep, kikaguzi cha kufuli kilichomo ndani ya kerneli, huhesabu kugandisha foleni kama kufuli, hivyo ukiiwasha itakuonya mpangilio ukipinduka, hata siku ambayo mashine imelala na kuamka salama.