Kansa ya matiti ikigomea dawa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mama mmoja alifungua fundo la leso juu ya kaunta ya duka langu la dawa hapa Nakuru, akatoa chupa ya dawa ya minyoo ya mbuzi. Bei ya agroveti ilikuwa bado imebandikwa. "Daktari, dada yangu kansa ya titi imekataa dawa. Kuna video inasema hii inaimaliza. Anywe vijiko vingapi?"

"Dawa za minyoo huponya kansa, makampuni yanaficha tu."
Ndani ya vichupa vya maabara, fenbendazoli na ivamektini huua seli za kansa. Hata jiki huziua. Kinachokosekana ni utafiti kwa wagonjwa wenyewe unaoonyesha zimetibu kansa ya matiti. Ivamektini ina heshima yake: waliogundua chanzo chake, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa Nobel mwaka 2015, lakini ni kwa ajili ya minyoo ya usubi na matende. Fenbendazoli ni ya mifugo, na wapo wagonjwa wa kansa walioinywa wakaumia ini. Ini hilohilo ndilo linalotakiwa kuhimili kemo, zile dawa kali za kuua seli za kansa.

"Imekataa dawa."
Pengine. Mimi huuliza kwanza kama dawa ilinywewa. Tamoksifeni, kidonge kinachozuia homoni isiilishe kansa, ni miligramu 20 kila siku, kwa miaka 5 hadi 10, na joto la ghafla linalokuja nayo huwafanya wengi waruke siku kimyakimya. Tena kuna dawa zinazoihujumu: rifampisini ya TB huishusha sana mwilini, na paroksetini ya msongo wa mawazo huzuia ini kuigeuza iwe na nguvu. Kwa hiyo mwonyeshe daktari kila kidonge unachomeza, hata mitishamba ya nyanya yako.

"Basi imebaki maombi."
Omba, lakini uliza pia kansa hiyo ni ya aina gani *sasa*. Kansa ya matiti hupimwa kama ina vipokezi vya homoni (sehemu za seli zinazoipokea homoni) au protini ya HER2 kwa wingi, ambayo huisukuma kansa ikue, na majibu hayo yanaweza kubadilika. Iliyorudi kwenye ini si lazima ifanane na ile ya titini miaka minne nyuma, ndiyo maana daktari hutaka kukata kipande kipya cha uvimbe cha kupima panapofikika.

Majibu ndiyo yanayochagua dawa. Ile ya homoni iliyoshinda tamoksifeni inaweza kuhamishiwa letrozoli au sindano ya fulvestranti, mara nyingi pamoja na vidonge kama palbosiklibu, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 2015. Kwa HER2, Herceptin, dawa inayoilenga protini hiyo, ikishindwa ipo trastuzumabu derukstekani, ambayo hubeba kemo hadi mlangoni mwa seli. Tangu 2022 imeidhinishwa Marekani hata kwa wenye HER2 kidogo, watu ambao zamani waliandikiwa "hasi" na faili likafungwa. Aliyerithi hitilafu ya jeni za BRCA anaweza kufaa kwa olaparibu. Wasio na vipokezi vya homoni wala HER2 wana sasituzumabu. Nyingi kati ya hizi bei yake inauma, sitadanganya. Lakini kapesitabini, kemo ya vidonge, ni ya zamani na si ya kudharauliwa.

"Kukata kipande kutaisambaza."
Seli chache zaweza kusogea kwenye njia ya sindano, ila haijaonekana kufupisha maisha ya wagonjwa. Kutibu kwa kubahatisha ndiko ninakokuogopa.

"Herceptin ni ya matajiri."
Ilikuwa. Mwaka 2025 serikali ya Kenya na Roche, kampuni inayoitengeneza, walikubaliana bei ishuke kutoka sh 120,000 hadi sh 40,000 kwa dozi, SHA, bima ya afya ya serikali, ikilipa. Uliza hospitali yako kama imo kwenye mpango huo.

"Utafiti wa dawa ni kugeuzwa panya."
Kwenye utafiti halali unasaini ukiwa umeelezwa, na unatoka wakati wowote. Anayekutoza pesa ili "akujaribie", mkimbie.

Nikamuuliza yule mama kama dada yake alipimwa vipokezi. Hakujua, faili liko Kisumu, pale hospitali ya Russia. Nikamwandikia kwenye karatasi: HER2 ni ngapi? Ilipimwa lini? Kipande kipya kinawezekana?

Akaikunja ndani ya leso, kisha akaitazama chupa. "Na hii?"

"Una mbuzi, mama?"

"Watatu."

"Basi soma kipimo hapo nyuma."