Njia ya Akiba ya Mtandao: Yanayodhaniwa na Yalivyo

Jioni moja pale Ngamiani, mjini Tanga, wakala wa fedha aliniinulia simu yake nijionee mwenyewe: vijiti vya mtandao vimejaa vyote, lakini muamala wa mteja umeganda, kiduara kinazunguka tu. "Kaka, mnara si ule pale, sasa tatizo liko wapi?" aliniuliza. Swali lake limebeba dhana ya kwanza, kwamba vijiti vikijaa mtandao uko salama. Vijiti hupima nguvu ya mawimbi baina ya mnara na simu, basi. Kutoka mnarani data husafiri kwa fiba (nyuzi za kioo) au kwa mikrowevu (mawimbi ya redio kati ya mnara na mnara) hadi kwenye vituo vya kukusanyia, ikapita ruta kubwa, yaani vifaa vinavyoielekeza data njia ya kupita, ikafika kwenye kiini cha mtandao, ambako mteja hutambuliwa na muamala wake ukaelekezwa unakotakiwa. Nodi moja, yaani kituo au kifaa kimoja, katika mlolongo huo ikifa pasipo njia mbadala, mnara huendelea kurusha mawimbi mazuri yasiyo na kitu nyuma yake, mithili ya bomba jipya lililofungwa kwenye tangi kavu.

Dhana inayoniudhi zaidi, kwa kuwa hata watu wa fani huirudia, ni kwamba mwenye nyaya mbili za fiba ana njia mbili. Nimewahi kusimama kando ya mtaro uliokuwa ukichimbwa kwa ajili ya bomba la maji nikaona mirija miwili ya fiba imelala bega kwa bega, mmoja wa njia kuu na mwingine wa njia ya akiba, yote miwili imekatwa na jino lilelile la kijiko. Kwenye mchoro wa ofisini, bila shaka, ilikuwa mistari miwili yenye rangi mbili tofauti. Mkazi wa Tanga analielewa jambo hili bila mchoro: mabasi kumi ya kampuni kumi yanayokwenda Dar es Salaam kwa kupitia Muheza na Segera yanatumia njia moja, na barabara ikikatika kabla ya Segera wingi wa mabasi haumsaidii abiria. Njia ya pili ni ile ya Pangani, Saadani na Bagamoyo, kwa kuwa haikanyagi ardhi ya ile ya kwanza hadi mbele kabisa.

Baharini kosa ni hilohilo, ila hasara yake ni kubwa zaidi. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM, yaani nyaya za intaneti zinazolala chini ya bahari, ilikatika karibu wakati mmoja upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana kwa kukosa intaneti. Mtu angeuliza kwa nini data haikugeuziwa kaskazini. Huko nako, katika Bahari ya Shamu, mikongo kadhaa, SEACOM ikiwemo, ilikuwa imekatika tangu Februari mwaka huohuo.

Wapo pia wanaoamini kwamba njia mbadala ikiwepo, data huhamia papo hapo. Ruta haijui kwamba jirani yake amekufa mpaka imkose. Itifaki ya OSPF, yaani kanuni ambazo ruta za mtandao mmoja huzitumia kuelezana njia, ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida, hutuma salamu kila sekunde 10 na humhesabu jirani kuwa hayupo baada ya sekunde 40 za ukimya. Kwa BGP, itifaki inayounganisha mtandao na mtandao, muda wa kusubiri unaopendekezwa ni sekunde 90, muda wa kutosha kabisa kwa simu nyingi kukatika. Ndiyo maana mafundi huongeza BFD, itifaki ya kuchunguza uhai wa jirani, ambayo hugundua kifo kwa sehemu ndogo ya sekunde, na huandaa njia ya kukwepea mapema, ikiwa imeshakokotolewa kabla ya ajali, wakilenga milisekunde 50 tu.

Mnara wenyewe ukizimika, kwa mfano betri zikiisha na jenereta likakosa mafuta, hapo hakuna ruta itakayookoa. Simu huhitaji mnara mwingine unaofika pale ilipo, jambo ambalo kwenye mabonde ya Usambara si la kutarajia.

Kisha kuna hesabu ya ujazo, ambayo wengi huiruka. Chukua njia mbili za gigabiti 10 kwa sekunde kila moja, zote zikitumika kwa asilimia 70 saa mbili usiku watu wakiwa wamerudi nyumbani. Moja ikifa, inayobaki inatakiwa kubeba 14, na haiwezi. Wala mzigo wenyewe haubaki vilevile, kwa sababu simu zilizopoteza mtandao hurudi kwa pupa kujisajili upya. Japani, Julai 2022, kazi ya kubadilisha ruta katika mtandao wa kampuni ya simu ya KDDI ilizuia simu za sauti kwa takriban dakika 15. Mafuriko ya maombi ya usajili yaliyofuata yakaulemea mtandao kwa siku kadhaa.

Waswahili husema akiba haiozi. Ya mtandao huoza: mipangilio husahaulika, kadi za ndani ya ruta hufa kimya, na programu ya ruta ya akiba huwa na kasoro ileile iliyomo katika ruta kuu. Tarehe 8 Julai 2022 kampuni ya simu na intaneti ya Rogers ya Kanada iliondoa kichujio kimoja cha njia wakati wa kuboresha mtandao wake. Ruta za kiini zikafurikwa na taarifa za njia kupita uwezo wake, zikaanguka pamoja, na wateja zaidi ya milioni 12 wakakosa huduma. Vifaa vya ziada vilikuwepo, lakini vyote vilisikiliza amri moja. Kwa hiyo nikikutana na fundi wa mtandao simwulizi ana njia ngapi. Namwuliza ni lini mara ya mwisho aliizima njia kuu kwa makusudi, saa nane za usiku, akakaa kuangalia kitakachotokea.