Pete ya uzazi wa mpango ni nini, na inamfaa nani

Ukiulizia uzazi wa mpango kwenye zahanati za Mtwara, utatajiwa sindano, kijiti, kitanzi, vidonge vya majira na kondomu. Pete ya ukeni hutajwa kwa nadra, na wengi huiogopa kabla hawajaiona. Ni plastiki laini ya mviringo, kipenyo milimita 54, unene milimita 4. Mwanamke huibana kwa vidole viwili na kuisukuma ndani mwenyewe. Kupotelea tumboni haiwezi, mlango wa kizazi ni mdogo mno.

Pete haizibi kitu. Inatoa kidogokidogo homoni mbili, estrojeni na projestini, zinazopenya ukuta wa uke hadi kwenye damu, zikazuia yai lisitoke na kuufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, mbegu zisipite. Kwa kifupi, ni dawa ileile ya vidonge vya majira, ila humezi kila siku.

Aina iliyozoeleka, NuvaRing, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001. Ukiiweka Ijumaa, inakaa wiki 3, unaitoa Ijumaa, unapumzika wiki moja na kupata hedhi. Ijumaa inayofuata unaweka mpya hata kama damu bado inatoka. Ikichomoka katika wiki 2 za kwanza ikakaa nje zaidi ya saa 3, irudishe na utumie kondomu siku 7.

Inamfaa mwenye afya njema anayesahau vidonge na hataki sindano. Haimfai mwenye presha, aliyewahi kuganda damu au kuugua saratani ya matiti, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, wala mvutaji sigara aliyefikisha miaka 35. Anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6 atafutiwe njia nyingine. Anayetumia dawa za kifua kikuu aseme mapema, kwani rifampisini huipunguzia pete nguvu.

Kwa huku kwetu mimi ningeuliza kwanza habari ya joto. NuvaRing hukaa kwenye friji dukani; ikishatolewa ina miezi 4 tu, tena isipate joto kali, na Desemba chini ya bati la Mtwara unaijua mwenyewe. Kununua pete za mwaka mzima kwa mpigo ni kutupa hela.

Haikingi Ukimwi. Ipo pete nyingine, ya dapivirini, inayopunguza hatari ya kuambukizwa VVU, lakini hiyo nayo haizuii mimba, kwa hiyo soma pakiti kabla hujalipa.